Nilipoambiwa Sina

Kwa upande wa baba, wanawake wa kwetu hawazeeki. Bibi mzaa baba nilimkuta pichani tu. Shangazi mkubwa alifariki mwaka 1998, hajatimiza miaka 45. Dada yetu wa Korogwe, mtoto wa baba mkubwa, akamfuata akiwa bado ananyonyesha. Wote saratani ya ziwa. Hakuna aliyewahi kutuketisha watoto wa kike akatuambia zamu zetu zinakuja, lakini tulijua. Nikiwa darasa la saba nilishajipigia hesabu kwamba nikifika arobaini nitakuwa nimebahatika.

Shangazi alipougua, maelezo yalikuwa mengi na kila mwenye lake aliapa. Wapo waliosema ni kijicho cha mke mwenziwe. Wapo waliosema aligongwa na mchi akitwanga. Alizungushwa kwa waganga, Pangani mpaka Handeni, kidonda kikapasuka, ndipo akapelekwa Dar es Salaam, Ocean Road, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya saratani nchini. Akapigwa mionzi, akarudishwa Tanga, hakumaliza mwaka. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kilichomuua kilikuwa kimeshapewa jina. Miaka mitatu kabla ya kifo chake, 1995, kikundi cha Michael Stratton huko Uingereza kiliitambua jeni (kipande cha vinasaba tunachorithi kwa wazazi) inayoitwa BRCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 13. Kazi yake ni kusaidia mwili kukarabati vinasaba vinapokatika, na anayezaliwa na nakala mbovu huwa karibu zaidi na saratani kuliko wenzake. Habari hizo zilichukua zaidi ya miaka ishirini kutufikia, na zilitufikia kwa simu, kutoka Leicester, Uingereza.

Dada yangu anaishi huko, anahudumia wazee. Akiwa na miaka 39 alikuta uvimbe akioga. Kwa kuwa alikuwa hajafika 40, walimpima na jeni pia, ndio utaratibu wao kwa mtu wa umri ule. Majibu yakaja: BRCA2. Pamoja na majibu akapewa barua ya kuwagawia ndugu wa damu. Ilieleza kwa lugha ya upole kwamba ndugu yenu amekutwa na mabadiliko ya jeni, kwamba ndugu zake wa tumbo moja kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo, na kwamba anayetaka anaweza kupima, asiyetaka hashurutishwi. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa herufi na tarakimu unaotaja mahali hasa jeni ilipoharibika.

Daktari niliyemwona baadaye Dar aliniambia ule mstari wa chini ndio mali yenyewe. Bila huo, maabara inasoma jeni yote, na kwa sisi Waafrika mara nyingi zaidi kuliko kwa Wazungu inarudi na jibu kwamba kuna mabadiliko lakini maana yake haijulikani, kwa sababu kumbukumbu wanazolinganishia zimejaa damu za watu wa asili ya Ulaya. Ukiwa na mstari ule wanakwenda pale pale, wanaangalia kitu kipo au hakipo, basi.

Nilimsomea Baba barua ile barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu. "Imepitia kwangu?"

Nikamwambia inaelekea hivyo, Baba. Mwanamume huibeba jeni hii na kuirithisha sawasawa na mwanamke, hata kama yeye mwenyewe haumwi chochote. Miaka yote kila mtu alipotuuliza habari za ugonjwa wa familia aliuliza habari za mama, na mama yetu ukoo wake wote ni vikongwe. Hakuna aliyeuliza kwa baba. Baba mdogo, aliyekuwa amekaa pembeni na kahawa yake, katika maneno yangu yote alishika neno vinasaba. "Kwani mna shaka na baba yenu?" Simlaumu, hapa kwetu vinasaba watu wanavijua kwa kesi za watoto, za kupelekana kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Tukacheka wote, hata Baba. Nadhani bila kicheko kile asingeinuka kwenye kiti siku ile.

Ndugu tuko watatu: Dada, mimi, na mdogo wetu wa kiume aliye Muscat. Mdogo wetu alijibu kwa ujumbe wa sauti, mfupi. Hataki kujua, na asiulizwe tena. Mimi nilitaka.

Watu wa rika langu kupima tulijifunzia kwenye UKIMWI. Tulikwenda vituo vya Angaza kabla ya kuoana, tukakaa na mshauri nasaha, tukatolewa damu, tukangoja nje tukikwepa macho ya jirani, tukaitwa. Una virusi au huna. Kwa hiyo niliingia kwenye kipimo cha jeni na kichwa hicho hicho, na daktari alipata kazi kunitoa huko. Huku, aliniambia, hata ukikutwa nayo hujaumwa. Katika wanawake 100 wenye BRCA2 mbovu, karibu 69 hupata saratani ya ziwa wakiishi mpaka miaka 80, na karibu 17 hupata ya ovari, vile vifuko vya mayai. Ina maana wapo zaidi ya 30 ambao ziwa haliwagusi, na haijulikani mapema ni akina nani. Nilimwambia hayo ni mambo ya kumtia mtu wazimu: unaambiwa karibu hakika, halafu unaambiwa pengine. Akasema ndiyo, ndiyo maana tunazungumza kwanza kabla ya kutoa damu.

Na alizungumza vizuri, nisimpunje. Aliniuliza ninaishi na nani. Aliniuliza kama nalala usiku, kama niliwahi kuzidiwa na huzuni nikashindwa kufanya kazi. Aliniuliza nikikutwa nayo nitamwambia nani kwanza, na nani sitaki ajue. Tukaongea operesheni, tukaongea MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, na gharama zake, tukaongea mume. Maswali yote yalikuwa ya nikikutwa nayo. Nikikutwa sina, haikuguswa, na mimi mwenyewe haikunijia kuigusa. Mtu akiambiwa hana, cha kuzungumza ni nini tena?

Damu ilisafirishwa nje ya nchi. Wakati wa kungoja, nyumbani walidhani nimechanganyikiwa, kumbe nilikuwa sawa kuliko nilivyowahi kuwa. Nilipanga kila kitu. Nilimwonyesha mume wangu hati ya kiwanja ilipo. Nilimfundisha binti yangu kupika wali wa nazi bila kumsimamia. Kazini, mimi ni mhasibu wa shule, nilimwelekeza mwenzangu vitabu vyote vya ada. Nilishaamua nitakatwa yote mawili na ovari pia, sitangoja. Ubaya nilikuwa nikiujua. Niliukulia. Nilikuwa nimeketi naye huyo mgeni tangu utotoni, na sasa alikuwa anabisha hodi rasmi.

Siku ya majibu daktari hakuzungusha. "Huna," akasema, na akatabasamu, na akangoja nitabasamu.

Nikasema ahsante daktari. Akaendelea kueleza kwamba huna mabadiliko yale ya dada yako, hatari yako imerudi pale alipo mwanamke mwingine yeyote, binti yako kwa upande huu hawezi kurithi kisichokuwepo. Akasisitiza kwamba kutokuwa nayo si kinga. Saratani nyingi za ziwa, karibu tisa katika kumi, hazitokani na jeni ya kurithi, kwa hiyo nikisikia uvimbe nisijipe moyo, nije. Akanikumbusha na mlango wa kizazi, ambao ndio unaongoza kwa saratani za wanawake Tanzania, kama nimeshachunguzwa. Nilikuwa sijachunguzwa. Miaka yote ile nikiogopa ziwa, hilo sikuwahi hata kuliwaza.

Nilitoka, nikapanda daladala, nikapita Feri kununua samaki. Nilichagua samaki kwa makini sana. Nakumbuka nilibishana bei ya changu kwa dakika nyingi, na moyoni palikuwa hapana kitu.

Mama nilipompigia alipiga vigelegele kwenye simu, akaanza papo hapo kupanga maulidi ya shukurani, mbuzi, majirani, walimu wa madrasa. Nikamwambia Mama, Dada yuko kwenye dripu ya kemo, zile dawa za saratani, wiki hii. Akanyamaza kidogo. Akasema kwani Mungu akikupa hiki na kile akakunyima usimshukuru kwa hiki? Hoja ilikuwa na nguvu yake. Tulivutana, mwisho akapika biriani akagawa kimya kimya kwa mafukara, na kila aliyepokea akaambiwa amwombee Dada. Nilishukuru kwa hilo.

Dada nilimpigia usiku. Alisema hongera, na aliisema kwa dhati, namjua. Akauliza mtoto hajambo, akauliza mvua zimeanza. Tukaagana.

Tangu alipougua tulikuwa tukitumiana sauti kila siku kabla ya kulala. Alinieleza mambo asiyomwambia mumewe: kucha kuwa nyeusi, ndoto, hofu ya kwamba nywele zikirudi zitarudi za mtu mwingine. Baada ya majibu yangu sauti zikapungua. Alianza kujibu nipo poa. Nikimuuliza sana ananiambia usijali, wewe shukuru Mungu, lea mtoto. Mtu wa nje angeona ni upole. Mimi nilisikia mlango ukifungwa. Nikawa namtumia makala, vyakula vya kuongeza damu, dua, na kila nilichotuma kilizidi kuwa cha mtu aliye mbali.

Mwishowe nilimuuliza wazi, Dada nimekukosea nini? Alikaa kimya, halafu akasema hajakasirika, asingependa hata mbwa awe na hii kitu, achilia mimi. "Lakini nilizoea tunaogopa wawili. Sasa naogopa peke yangu, na wewe unanihurumia."

Sikuwa na la kumjibu kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu tungali wasichana, Dada na mimi tulikuwa na chama chetu. Tulikaguana chumbani. Tukisikia mtu fulani kafa na saratani tulitazamana, hatukusema. Ile hofu ilikuwa yetu, na ndani yake tulikuwa sawa, jambo ambalo kwingine hatukuwa: yeye mkubwa, mzuri, mwenye akili, aliyepata viza. Karatasi moja ikanitoa kwenye chama. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kutoka, na nani angethubutu kusema hataki?

Na kulikuwa na la pili, ambalo lilikuja polepole zaidi. Nina mtoto mmoja. Nilipomzaa nilimwambia mume wangu inatosha, na sababu niliyotoa ni ada. Sababu ya kweli niliibeba tangu msiba wa Shangazi. Watoto wake sita waligawanywa kama vyombo vya marehemu: wawili Muheza, wawili Mombasa, mmoja kwetu, mmoja kwa mke wa mtu aliyemtumikisha mpaka akatoroka. Niliapa wangu hawatagawanywa. Mmoja anabebeka. Kwa mantiki hiyo hiyo sikukopa mkopo wa miaka mingi wa kujenga, sikusoma shahada ya pili, sikupanda minazi kwenye kile kiwanja. Minazi ni ya mtu atakayekuwepo.

Siku chache baada ya majibu, mume wangu alisema, kwa wema kabisa, akiwa na taulo begani anakwenda kuoga, "Basi kumbe tungezaa hata watatu." Akaenda. Nilibaki nimekaa kitandani. Nilikuwa na miaka 37. Daktari angesema inawezekana bado. Lakini mimi nilikuwa nimeshawazika hao watoto bila kuwaona, na sasa naambiwa hapakuwa na sababu.

Kipindi kile nilisoma sana, usiku, kwenye simu. Nikakutana na habari ya mwanamke mmoja mshona nguo wa mji wa Ann Arbor, Marekani. Mwaka 1895 alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba atakufa mapema kwa saratani ya tumbo au ya kizazi, kwa sababu kwao ndivyo wafavyo. Alikuwa mzima. Warthin hakumpuuza, akaanza kuichora familia ile kizazi kwa kizazi, na kazi hiyo ndiyo ikaja kuzaa ujuzi wa ugonjwa mwingine wa kurithi, ule unaoitwa sindromu ya Lynch. Yule mama alikufa kama alivyosema, kwa saratani ya kizazi. Watu wanaisimulia kama hadithi ya mwanzo wa sayansi. Mimi nilibaki nikiwaza ile miaka ya katikati, aliishije, alishona nguo za nani, alikataa kuanza nini. Na nilijiuliza kama katika ukoo wake alikuwepo mwingine aliyekuwa na uhakika ule ule, akaishi kwa kujibana vile vile, na hakuwa nayo. Lazima alikuwepo. Nusu yao walikuwa hawana.

Utafiti upo, na kwa jumla ni wa kutia moyo. Caryn Lerman na wenzake walichapisha mwaka 1996 matokeo ya kufuatilia familia zenye hitilafu ya BRCA1, jeni nyingine ya namna ya BRCA2, huko Marekani: walioambiwa hawana, huzuni yao ilipungua, na walioambiwa wanayo haikuongezeka kama ilivyohofiwa. Naamini. Nikitazama nyuma, baada ya muda hata mimi nililala vizuri zaidi. Lakini wastani hauna simu ya Leicester. Wataalamu wanalitambua jambo hili, wanaliita hatia ya aliyesalimika, na wanalifahamu tangu kwa watu waliotoka hai vitani na kwenye ajali. Ningefurahi kama mtu angenitajia tu, hata kwa sentensi moja, siku ile ya maswali mengi.

Aliyenisaidia hakuwa mtaalamu wa jeni. Ni muuguzi mstaafu jirani yetu, aliyekuwa mshauri nasaha wakati wa UKIMWI umepamba moto. Tunamwita Bi Mkubwa. Nilikwenda kumsalimia nikajikuta nalia kwenye ukumbi wake, naomba radhi kwa kulia kwa sababu mimi ndiye mzima. Akaniambia aliwaona wengi wa namna yangu: mume na mke wanapima pamoja, mmoja anaambiwa hana, na huyo ndiye anayekonda. Hakunipa maneno ya faraja. Aliniuliza dada yako ana kazi gani ngumu ambayo hawezi kuifanya akiwa kitandani? Nikawaza. Nikasema ile barua. Kuna binamu zetu zaidi ya ishirini hawajaipata.

Basi nikaichukua kazi hiyo. Dada alikubali mara moja, na nikahisi amefarijika kuwa na kitu cha kuniamrisha.

Naweza kusema sasa kwamba kugawa barua ile ndio ilikuwa sehemu ngumu kuliko kupima. Nilidhani watu watauliza juu ya jeni. Waliuliza juu yangu. "Wewe umepima?" Nimepima. "Na wewe unayo?" Sina. Pale pale uso unabadilika. Binamu mmoja ambaye sasa yuko Muheza, yule tuliyelelewa naye, mmoja wa wale sita wa Shangazi, aliniambia ni rahisi kubeba moto ambao hauchomi mkono wako. Aliongeza kwamba mama yake alikufa, hakuna aliyeleta barua, na sasa yeye ana amani yake naileta mimi nikiwa nimeshajihakikishia. Nilimwachia barua mezani. Baada ya miezi kadhaa alinitumia ujumbe kuuliza yule daktari yuko hospitali gani. Hakuomba radhi na sikuona kwamba alipaswa.

Mwingine binti yake alikuwa ameposwa. Upande wa mume walishaanza kuulizia ukoo, kama desturi: kuna kifafa, kuna ukoma, kuna wazimu? Mama wa binti alinishika mkono jikoni. "Dada yangu, ngoja kwanza nikahi ipite." Nilikasirika, kisha nikajiuliza ninamkasirikia nini. Binti ana miaka 22. Hata akipima kesho akakutwa nayo, hakuna cha haraka cha kufanya zaidi ya kujua na kujichunguza. Lakini akiolewa mume hajui, halafu ikajulikana, wataambiwa walificha. Nilichofanya ni kumwambia mama yule kwamba barua ni ya binti, si yake wala yangu. Nitampa mwenyewe mkononi, naye ataamua amwambie mchumba au la. Nikampa. Sijui walizungumza nini, harusi ilifanyika. Wapo watakaosema nilifanya fitina na wapo watakaosema nilichelewa. Msimamo wangu mpaka sasa ni kwamba habari ya mwili wa mtu mzima hapewi mzazi wake amhifadhie.

Baba yeye alikaa na lake bila kulisema. Alianza kukosa swala ya alfajiri msikitini, mtu ambaye tangu enzi za kazi yake ya reli hajawahi kuikosa. Mama ndiye aliyegundua kwamba anaswali nyumbani na anachelewa kuinuka kwenye sijda. Siku moja aliomba simu, akampigia Dada mbele yetu sote, akamwambia mwanangu nisamehe, mimi ndiye niliyekupa. Tukainamisha vichwa. Dada akajibu, "Baba, na hili pua lako ulinipa, mbona hujaniomba msamaha miaka arobaini?" Baba akacheka mpaka akakohoa. Kisha Dada, kwa kuwa anajua lini pa kupenya, akamwambia sasa na wewe kapime tezi dume, maana wanaume wenye jeni hii nao wako hatarini zaidi. Baba akakunja uso. Wazee wa mtaani wameshatishana na habari ya kipimo cha kidole. Nikamweleza kwamba kinaanzwa na damu tu, kinaitwa PSA. Alikwenda. Anakwenda kila mwaka, na amewaburuza wenzake wawili wa barazani.

Dada alimaliza kemo, akafanyiwa operesheni, ovari zikaondolewa baadaye. Tumerudi kutumiana sauti, si kila siku. Simhurumii kwa sauti tena, ananikataza kwa kuniigiza. Binti yake akitimiza miaka 18 ataruhusiwa kuamua mwenyewe kama anataka kupima. Huko hawapimi watoto kwa jambo ambalo halitawahusu mpaka ukubwani. Alinipigia mwezi uliopita. Shikamoo mama mdogo, halafu bila kuzunguka: ulijisikiaje ulipoambiwa huna? Katika wote ndiye pekee aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimjibu kwa muda mrefu, karibu hayo niliyoandika hapa, na nikamwambia asikimbilie. Akasema hakimbilii, anataka tu kujua majibu yote mawili yana nini ndani.

Amebaki mdogo wetu wa Muscat. Niliwahi kusoma utafiti mwingine wa Lerman, wa 1998, kwamba katika watu wa familia hizi ambao tayari wameelemewa na mawazo, wanaokataa kupima ndio huzuni yao huzidi. Nilishaunakili nimtumie, niwe na kigongo cha kumpigia. Nikaufuta. Utafiti ulizungumzia walioelemewa, na mdogo wangu, kwa ninavyomwona, hajaelemewa. Anavua samaki Ijumaa, ananenepa. Ana haki ya kutojua kama mimi nilivyokuwa na haki ya kujua, ingawa usiku mwingine siamini hilo sana.

Tatizo ni wifi. Wana mabinti wawili. Alinipigia mchana, mume akiwa kazini. "Wifi, nasikia kuna barua." Nikamwambia ipo, mumeo anayo, nilimtumia siku ile ile aliyopata Baba. Akaniomba nimtumie nakala. Nikamwambia amuombe mumewe. Akaniuliza, kwa adabu, kama wangekuwa watoto wangu ningelijibu hivyo. Nikamwambia watoto bado wadogo, hakuna kinachoharibika kwa kungoja. Akasema, "Wewe una binti mmoja, na unajua hana." Hakulipenda jibu langu na sikulipenda la kwake. Jioni nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia mkeo ameuliza habari ya barua, sikuongeza. Alikaa kimya, nikasikia televisheni nyuma yake, kisha akasema tutazungumza akija Tanga likizo ya Idi.